Samaki Anayekanwa na Baba

Nimewadharau watu wengi maishani, lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyowadharau wale wazee watatu waliokuja kumpa baba pole mwaka wa mafuriko ya Elnino. Walikaa kwenye mkeka wetu tangu asubuhi, wakamaliza sukari yetu, wakasema, "Subira huvuta heri," wakajipangusa midomo. Kesho yake wakarudi. Heri ilikuwa kwenye birika.

Baba alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza kwenye turubai la kibanda chetu katika kambi ya waliokimbia mafuriko. Mto Tana ulikuwa umemeza malisho yote, ng'ombe wetu wakasombwa, na wachache waliobaki wakaliwa na homa ya mifugo, ile iliyofanya tukatazwe nyama na maziwa. Sisi ni Waorma. Ukimwondolea Mworma maziwa na nyama, umemwachia nini? Mahindi ya msaada, magumu, na chai ya rangi. Baba aliishi kwa hayo miezi kadhaa, na mwishowe hata hayo akayasukuma kando.

Siku moja alimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayeulizia maji ya kunywa, "Mimi nataka kuwafuata ng'ombe wangu."

Mama aliwaambia wazee. "Ni hasira tu," akasema mkubwa wao. "Anayesema hafanyi." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Anayesema hafanyi! Nani aliwaambia? Kuhusu ndama aliyegoma kunyonya wangekesha wakijadiliana, lakini mwenzao aliyegoma kuishi walimmaliza kwa sentensi moja, kisha wakaomba chai nyingine.

Mimi nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, mdomo mrefu kama njia ya Malindi. Nilimshika baba mkono, nikampeleka zahanati ya Garsen. Alipumzika mara tatu njiani, mtu ambaye zamani alitembea na mifugo siku nzima bila kuketi. Mzee mkubwa akatufuata, eti kusindikiza.

Daktari alikuwa kijana wa Kipokomo, wale wakulima na wavuvi wa mtoni, viatu vimejaa tope. Alimfunua baba kope la chini: jeupe. Akamtazama ulimi: vidonda. Kisha akavuta kiti karibu, akauliza taratibu, "Mzee wangu, unafikiria kujiua?"

"Astaghfirullah!" akaruka msindikizaji wetu. "Huyu ni Mwislamu!"

"Simuulizi dini yake, mzee. Namuuliza hali yake."

Baba alimtazama daktari. "Ndiyo," akasema. "Kila siku. Hamna aliyeniuliza."

Nililia pale pale, na nilijichukia. Nilikuwa nikiwacheka wazee, kumbe hata mimi, na shule yangu yote, sikuwa nimemuuliza.

Daktari alitoa vidonge vya kuongeza damu, akasema baba asiachwe peke yake hata dakika, na kwamba barabara ikifunguka aende Malindi akaonane na daktari wa mambo ya akili. "Na ale," akaniambia. "Chakula hakitamrudishia ng'ombe. Lakini ubongo nao ni sehemu ya mwili, unakula kama mkono na mguu. Huyu amebaki na huzuni na njaa pamoja. Tumpunguzie moja. Mchicha upo, samaki wapo tele."

Samaki! Msindikizaji wetu alitema mate chini. Kwetu mtu wa ng'ombe hali samaki. Ni chakula cha wasio na mifugo. Nasi tulikuwa tumezungukwa na maji yaliyojaa kambare, tunakauka kwa njaa kwa sababu ya ng'ombe ambao hata hawakuwepo tena.

Nilikwenda kwa jirani yetu pale kambini, mama mmoja wa Kipokomo, nikamwomba samaki waliokaushwa.

"Ehe! Leo mnataka samaki wetu? Si mlikuwa mkipita hapa mnaziba pua?"

"Mama, pua zimezibuka."

Alicheka mpaka akashika kiuno, akaniongezea na mchicha.

Nilipika mchuzi wa samaki na mchicha, nikauweka mbele ya baba. Wazee walikuwepo, bila shaka. Wangekosaje? "Nikila hicho," baba akasema, "nimebaki nani?"

"Mwacha mila ni mtumwa," akadakia mkubwa wao.

"Mila iko wapi?" nikamjibu. "Mila yenu imeshafika baharini na ng'ombe. Na samaki ni halali. Mungu ameruhusu, nyinyi ni nani?" Ulimi wangu haukuwa na adabu, na sijuti.

Ndipo mama akaingia. Kwetu mke hali mbele ya wageni wanaume. Alikaa katikati ya mkeka, akachukua kipande, akala, akanyonya mpaka mfupa, huku akimtazama baba.

"Mimi nimeshakula," akasema. "Kama ni aibu, tuko wawili. Kula, baba watoto. Nakuhitaji."

Wazee waliinuka kwa pamoja, vikombe vikiwa bado na chai. Baba alifumba macho, akatafuna muda mrefu, akameza.

Asije mtu akaniambia samaki ndiye aliyemponya. Kulikuwa na vidonge, kulikuwa na yule daktari kijana aliyekuja kila Ijumaa baada ya sala kumuuliza swali lile lile bila kuona haya, kulikuwa na Malindi, na mimi na mama tukipokezana kukaa naye. Lakini siku alipokunja uso akasema, "Huyu samaki hana chumvi," mama alitoka nje kutafuta chumvi na akakaa huko kwa jirani akilia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi baba kutaka kitu.

Miezi michache baadaye nilimkuta mzee mkubwa kwa jirani yetu, ameficha kambare ndani ya kikapu chini ya shuka. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti kubwa sana.

Baba leo ana ng'ombe tena, na wajukuu. Ukimuuliza kuhusu mwaka ule, anakunja uso. "Mimi? Samaki? Wallahi sijawahi kumtia mdomoni!" Anaapa mbele ya mama, bila aibu, mchana kweupe. Nami ninayemdharau kila mwongo, huyu namwacha aape. Kila akiapa nasikia sauti ya baba niliyekaribia kumkosa.