Blanketi la Kuku wa Mama Mkwe

Chelangat ameajiriwa kuwakagua kuku kabla hawajachinjwa, na majirani zake huko Nakuru hawajamaliza kumcheka. "Sasa wewe unapima hali ya kuku, halafu anakatwa shingo?" humuuliza. Naye huwajibu hata kikombe cha chai hajakiweka chini: "Hata wewe utakufa. Ndiyo tukuvunje mkono leo?" Hapo majirani hucheka zaidi, kesho yake huanza upya.

Kila asubuhi husimama mlangoni pa kichinjio akitazama kreti zikishushwa. Bawa lililovunjika, mguu uliochubuka, kuku anayehema mdomo wazi, yote huyaona. Mzigo ulioteseka njiani huamuru uchinjwe kwanza, mateso yaishe, na mwenye mzigo hapokelewi tena mpaka afunzwe kusafirisha kuku. Wafanyabiashara wenye sauti nzito wamemtukana hadi wakachoka. Ni mpole kupindukia, ila kwa hilo habembelezeki.

Siku moja ikaingia pikapu kutoka Olenguruone, na aliyeketi kando ya dereva alikuwa mama mkwe wake, Mama Kipkirui.

Mama alikuwa ameleta mzigo wake wa kwanza wa kuku. Ukikubaliwa, angepata soko la kudumu, na alikuwa amelitafuta kwa muda mrefu. Na msiniletee zile hadithi za wakwe wabaya. Chelangat alipojifungua, mama huyu ndiye aliyemkanda na kumnywesha uji, akambeba mtoto ili yeye alale. Chelangat alimpenda kama mama aliyemzaa.

Kreti zilikuwa zimefunikwa blanketi zito. Kule kwao, kwenye milima ya Mau, baridi ya alfajiri huingia mpaka kwenye mifupa, na mtu wa Olenguruone hatoi kiumbe nje bila kumfunika. Lakini pikapu ilikuwa imeteremka mpaka kwenye jua la Nakuru, na njia nzima hakuna aliyekumbuka kuliondoa blanketi.

Chelangat akalivuta. Joto likampiga usoni. Kuku walikuwa wakihema midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na miili. Wa kreti za chini hawakuwa wakihema tena.

Kabiru, mshushaji wa mizigo, akamsogelea. "Boss, si huyu ni mathe wa bwanako? Wacha tu ipite."

Chelangat alitamani sana kuuacha mzigo upite. Alimwona mama akishuka na tabasamu lake lote, leso mpya kiunoni, akatamani ardhi immeze.

"Kabiru, hawa waingie kwanza, haraka," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Mama, hatutapokea wengine kutoka kwako mpaka ufunzwe kuwasafirisha. Wameumia."

Tabasamu likafutika. "Mimi? Chelangat, mimi ndiyo natesa kuku? Hiyo blanketi nimetoa kwa kitanda yangu! Nimelala na baridi kwa ajili yao!"

"Najua, Mama." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akamtoa kuku mmoja kwenye kreti na kumweka mikononi mwa mama mkwe wake. "Mshike tu."

Mama akamshika. Moyo wa kuku ulikuwa ukidunda kwa kasi kwenye viganja vyake, shingo imelegea. Akamtazama kwa muda, hasira ikamtoka yote.

"Huko juu walikuwa wanapiga kelele sana," akasema polepole. "Tukifika Njoro wakanyamaza. Nikaambia dereva azime redio isiwaamshe, wamelala."