Kifurushi Kilichobaki Mkekani

Nakumbuka siku ofisa wa forodha kule Bombay alipovunja kipande cha matobolwa yangu, akakitia mdomoni mbele ya foleni nzima, akakitafuna hadi mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akacheka na kunipungia mkono nipite. Nilitoka uwanja wa ndege kifua mbele kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Lakini mwanangu, ushindi ule sikuupatia Bombay. Niliupatia kwetu Mwanza, pale Nyakato, sebuleni kwa baba, Jumapili mchana, siku ambayo nililia kwa hasira.

Nilikuwa nimepata ufadhili wa kwenda India kusomea ufamasia. Kwetu, mtu akisafiri mbali hafungi mzigo wake, hufungiwa. Ndugu na majirani huja baada ya ibada, kila mmoja na alichomletea, naye hukitia begini kwa mkono wake mwenyewe, maana kufanya hivyo ni kumbariki msafiri. Msafiri kazi yake ni kukaa kwenye kiti na nguo yake mpya, kuamkia wakubwa na kunywa soda. Nami nilikaa, nikaamkia, nikanywa.

Mama alitia matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa na kuanikwa hadi viwe vigumu kama kuni. Mama mdogo alikuja na dagaa wa kukaanga kutoka Ukerewe. Majirani walileta vitenge, sabuni, mafuta ya kujipaka. Mwisho zipu ikagoma kufunga, ikabidi shemeji Lameck, mume wa dada yangu, alikalie begi.

"Shemeji, unakwenda kusoma au unakwenda kufungua duka?" akauliza huku akirukaruka juu yake.

Zipu ikafunga, watu wakapiga makofi. Mwinjilisti wa mtaa alikuwa ameshasimama kuomba, ndipo akaingia shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, amechelewa kutoka Igoma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Begi hili amelifunga nani?"

"Tumelifunga sisi, wifi," mama akajibu kwa furaha.

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza anayesafiri. Ndani kuna nini?"

Nikataja nguo. Nikataja matobolwa na dagaa. Nikakwama.

"Mwageni," akasema shangazi.

Begi lilimwagwa mkekani, nguo zangu za ndani zikatangulia, mbele ya mwinjilisti. Hapo ndipo nilipolia.

"Sasa duka limefunguliwa kweli," Lameck akasema. Watu wote wakacheka isipokuwa mimi na shangazi.

Alinikalisha mkekani. "Futa machozi. Shika kitu kimoja kimoja, ukitaje, uulize kimeletwa na nani, kisha ukifunge mwenyewe." Akatueleza jinsi alivyowahi kuzuiwa kutwa nzima mpakani Sirari kwa sababu ya mfuko wa jirani aliokubali kuubeba. "Walionishika hawakutaka habari za wema wa jirani yangu. Waliuliza mzigo uko mikononi mwa nani. Ulikuwa mikononi mwangu."

Nikaanza. Na jambo nisilolitarajia likatokea: sebule ikachangamka kuliko mwanzo. Kila nilipoinua kitu, mwenyewe alijitaja kwa majigambo. Mama mdogo alisimama kabisa kueleza alivyowakaanga dagaa wake, akaongeza kwamba watu wa mjini hawajui. Bibi mmoja jirani aliniambia sabuni yake niifiche, wenzangu wa bweni wasiimalize. Hasira yangu ilikuwa imeshayeyuka nilipoinua kifurushi kidogo, ukubwa wa ngumi, mfuko mweusi uliofungwa kwa uzi wa nyavu.

"Hiki kimeletwa na nani?"

Hakuna aliyejitaja. Nikauliza tena. Shangazi akauliza kwa sauti yake. Hata Lameck hakupata utani.

Baba alikata uzi kwa kisu. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

"Si muhogo tu huo?" mama akasema.

Baba akaunusa. "Unga wa muhogo naujua harufu. Huu si wenyewe."

Hakuna aliyeuonja. Shangazi alikisogeza kifurushi ukingoni mwa mkeka. "Hiki hakiendi." Nikafunga begi mwenyewe, mwinjilisti akaomba. Watu walipoondoka, baba aliumwaga unga ule chooni.

Sasa turudi Bombay. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu, mwanafunzi kama mimi, aliulizwa kuhusu kopo lililokuwa begini mwake. Akajibu, "Sijui, nilifungiwa nyumbani." Akapelekwa chumba cha pembeni, wala sikumwona akitoka. Ikawa zamu yangu.

"Nani alifunga begi hili?"

"Mimi."

"Kuna nini?"

Nikamtajia kuanzia juu hadi chini, kabla hajagusa zipu. Alifungua, akakuta kila kitu mahali nilipokitaja. Akainua matobolwa. "Na hizi mbao?"

"Ni viazi. Onja."

Akaonja, na yaliyofuata nimeshakueleza. Alilichora begi langu alama ya chaki. Alama ile sikuifuta hadi nilipohitimu, na nilirudi nalo Mwanza likiwa na cheti ndani. Leo nina duka langu la dawa pale Nyamagana, na shangazi aliishi hadi akalifungua yeye mwenyewe kwa kukata utepe.

Mwanangu, juzi nimelikuta begi lako liko wazi sebuleni na ndugu wameshaanza kulizunguka. Usiwakatalie. Pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Lakini kila kitu kifungue, kitaje, mjue aliyekileta, halafu ukiweke kwa mkono wako. Usione haya kuuliza, hata kama ni mimi nimekileta. Akupendaye atajibu kwa majigambo, kama mama mdogo na dagaa wake. Atakayenuna kwa kuulizwa, mzigo wake ubaki hapa hapa.

Mungu akutangulie. Akupe jibu la kweli kwa kila atakayekuuliza, masomo yako yaingie akilini na yakae, na siku utakaporudi tukupokee tukiwa hai, tukupigie vigelegele kuanzia uwanja wa ndege mpaka Nyakato.

Kuhusu kile kifurushi, kwenye msiba wa shangazi Kabula mimi na Lameck tulikaa tukawataja wote waliokuwa sebuleni siku ile, jina kwa jina, na alicholeta kila mmoja. Hakubaki mtu bila zawadi, wala hatukukumbuka mgeni yeyote aliyeingia. Wote walikuwa watu wetu.