Mtani Aliyelala Mlangoni

Nilipotoka hospitali, kichwa kikiwa bado na bandeji, mama alinipeleka kwetu Kisarawe. Daktari alituambia bila kuficha: uvimbe ule kwenye ubongo ni saratani, sehemu yake imebaki, na dawa na mionzi vitautuliza kwa muda asioweza kuutaja. Kwa sababu ya degedege alinikataza kukaa karibu na moto nikiwa peke yangu. Kushona hakunikataza.

Mama ndiye aliyenikataza. Nilikuwa nimeshona miaka miwili kwa fundi mmoja wa mtaa wa Picha ya Ndege, kule Kibaha, na kila nilipotaja kurudi alisema, "Pumzika kwanza." Majirani walikuja, wakanong'ona naye uani, wakaondoka. Mimi si msemaji. Nilikaa mkekani nikisikia nikizungumzwa kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Asubuhi moja fundi akaja. Yeye ni Mnyamwezi, mtu mzima, na sisi Wazaramo ni watani wao, wanaotutania hata msibani. Hakupiga hodi. Alijilaza chali mlangoni, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Mzaramo gani huyu anakufa bila kuaga watani?" alisema. "Sitoki hapa mpaka nipewe jogoo."

Mama alisimama na ufagio mkononi, hajui amfukuze au acheke.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Kumbe maiti ana adabu." Akafumbua jicho moja. "Walipofungua hicho kichwa walikuta nini? Maana mimi miaka miwili nakitafutia akili, sijaiona."

"Walikuta Mnyamwezi kajificha. Ndiyo maana kilikuwa kinauma."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tupewe majibu sikuwa nimemsikia akicheka.

Fundi aliinuka, akajikung'uta vumbi, akatoa mfukoni shati la shule lisilo na vifungo. Akanipa sindano. Mkono wangu wa kulia umekuwa mzito. Kifungo cha kwanza kilikaa upande, nikakifumua. Cha pili kilishika. Mama alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Akianguka huko kazini kwako?" alimuuliza fundi.

"Tutamlaza ubavu na kumwondolea vitu vya karibu. Jirani yangu muuguzi amenifundisha. Pasi ya mkaa hataigusa."

Nilipomaliza kifungo cha tatu, mama alikivuta kuona kama kimeshika.

"Siku tatu kwa wiki," akasema. "Alale kwa shangazi yake. Na dawa asiruke."

"Hata ikibidi nimkalie, mtani, atameza."

Wiki iliyofuata nilirudi Kibaha. Cherehani bado sijaiweza vizuri, kwa hiyo natia vifungo na kukunja pindo, polepole. Wateja wengine wakiona kovu wanashusha sauti na kumgeukia fundi. Nawaambia mwenyewe: ni saratani, iko kichwani, natumia dawa. Kisha nachukua futi na kuwauliza suruali iishie wapi.