Siria Yuko Wapi?

Usiku ule nililala na hasira. Kukicha tungejengea kaburi la baba, na mdogo wangu Elia alikuwa ameapa kwamba dada yetu Upendo hatakanyaga pale, kwa kuwa aliolewa akabadili dini. Mimi ndiye mkubwa. Neno la mwisho lilikuwa langu, na nilikuwa bado sijalitoa.

Baba alikuwa mwalimu wa historia. Utotoni, mezani, alitugawia majimbo ya Roma: Elia Hispania, Upendo Siria, na mimi niliyekuwa napakua chakula, Misri. Hakuna aliyeanza kula mpaka majimbo yote yamefika.

Basi usingizini nikamwona. Kavaa suti yake ya Kaunda, anatembea kwenye barabara ya mawe iliyonyooka, haina mwisho. Nikamkimbilia. Nilitaka kumshika mkono tu, basi. Barabara ikaingia jikoni kwetu, sijui ilipita wapi, na sasa tumekaa mezani, ugali unafuka, na vidole vyake bado vina chaki.

"Baba, nchi zote zile," namuuliza, kama nilivyomuuliza utotoni, "makaisari walizishikaje pamoja?"

"Kwa upanga, mwanangu, nisikudanganye. Lakini huwezi kukaa umeshika upanga maisha yako yote. Wenye akili walijenga barabara, wakaweka sheria, wakawaachia watu miungu yao. Kisha wakawaambia, na ninyi ni Warumi."

Nampakulia. Hali. Namsogezea mlenda anaoupenda. Hali. Anakitazama kiti cha Upendo.

"Misri," ananiita, na jina lile sijalisikia tangu afe. "Siria yuko wapi? Chakula kinapoa."

Nataka kujibu, mdomo haufunguki. Nataka abaki kidogo, hata asiseme kitu. Jamani, hata kidogo tu. Lakini kiti chake nacho kimeshakuwa kitupu, na ugali hakuugusa.

Niliamka nalia. Kumekucha. Uani Elia alikuwa anachanganya mchanga na saruji, ndoo ya maji iko mkononi. Nikasimama mbele yake, nikapiga simu, nikaweka spika ili naye asikie.

"Siria," nikasema, "baba anauliza uko wapi."

 Nikamsikia anavuta kamasi.

"Mwambie nipo njiani, Misri."

Elia alinitazama. Akaitua ndoo chini bila kumwaga maji, akavuta kigoda, akakaa kusubiri.