Gia Boksi Isiyo ya Gari Langu

Shilingi laki mbili na elfu arobaini na mbili. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilitumaini nimekosea. Hizo ndizo zilizonitoka kubadilisha klachi ya pikapu yangu kuukuu, na humo ndani kuna elfu themanini za pleti ya klachi ambayo mpaka leo inazuia mlango wa banda langu la kuku.

Ilikuwa Jumanne. Klachi inateleza, gari linanguruma halipandi, na Ijumaa nilitakiwa kumshusha mama kutoka Kibosho kwenda kliniki ya nyonga, mjini. Nyonga ile haipandi bodaboda. Fundi wangu wa Majengo akashusha gia boksi, akanipa pleti iliyokwisha.

"Dada, nenda na hii. Waoneshe sampuli."

Nikaiacha pale pale. Mimi nauza ndizi, naijua sura ya mnunuzi aliyebanwa. Muuza spea akikuona na pleti ya zamani mkononi, anajua gari lako limeshafunguliwa na huna pa kwenda. Bei inapanda kabla hamjasalimiana. Kwa hiyo nikaenda dukani na kadi ya gari tu, ndani ya pochi, natembea kama mtu anayefuata vitunguu.

"Umekuja na sampuli, mama?" muuzaji akaniuliza.

"Sampuli ya nini? Naulizia bei tu. Gari langu linatembea."

Akasoma kadi, akateremsha boksi. Elfu tisini na tano. Nikacheka, nikaondoka mara mbili, nikarudi mara mbili. Themanini. Akanionesha maandishi ukutani: mali ikishatoka hairudi. Nikamwambia mimi si mtu wa kurudisha vitu.

Kule Majengo, fundi akaipachika pleti kwenye shafti, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akaziweka zote mbili mbele yangu.

"Hesabu meno ya katikati."

Ya zamani, ishirini na manne. Mpya, ishirini na moja. Nikahesabu tena, kidole kimejaa grisi. Hakuna jino lililoongezeka.

"Wamenipa ya gari jingine!"

"Wamekupa ya gari lililoandikwa kwenye kadi. Gia boksi hii ndiyo isiyo ya gari hili. Imebadilishwa, tena si zamani. Ona hizo nati zilivyo mpya."

Nikakaa juu ya tairi. Gari nimelinunua mimi, linalala nyumbani kwangu Rau, chini ya dirisha langu, kila kelele yake naijua. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mguu ninaotembelea ni wa mtu mwingine. Fundi alikuwa ananiongelesha, namwona midomo tu.

Lilishatoka mikononi mwangu mara moja. Masika iliyopita, mdogo wangu wa kiume aliliazima wiki mbili kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Lilirudi limeoshwa. Tangu azaliwe hajawahi kurudisha kitu kimeoshwa, hata bakuli. Nilipaswa kuuliza siku ile ile.

Nikampigia. "Umeuza gia boksi yangu?"

"Dada, muulize mama." Akakata.

Alhamisi nikarudi duka lile lile, pleti ya zamani mkononi, sura ya kubanwa usoni. Ya meno ishirini na manne: elfu tisini. Haikushuka hata mia. Fundi akachukua sitini zake, bodaboda za huku na huku zikala kumi na mbili, na jioni gari likatembea.

Ijumaa tukiwa tunashuka, mama yuko mbele, fimbo katikati ya magoti, nikamuuliza. Akajibu akitazama barabara.

"Gia boksi ilikufa hapa hapa mlimani, siku mdogo wako ananipeleka kliniki. Alinibeba mgongoni mpaka lami. Kesho yake akauza yule ng'ombe wake mtamba, akatafuta gia boksi ya mtumba kule Boma Ng'ombe, ikafungwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ungedai risiti kabla hujauliza kama tumeumia."

Nikafungua mdomo kukataa. Swali nililolikuta ulimini, tayari kutoka, lilikuwa: mtamba aliuzwa bei gani?

Nikaufunga mdomo.

Tangu hapo nimemuuliza mdogo wangu bei ile mara mbili. Jibu ni moja: "Dada, klachi inashika? Basi." Nimechungulia banda lake la ng'ombe. Kuna kamba imening'inia na beseni lililopinduliwa, vikavu vyote.

Kupunguza bei najua. Kulipa asiyetaka kutaja bei sijawahi kufundishwa na mtu. Nyinyi wenye kufuga, nishaurini: nimpelekee fedha, akatae, au nimfungie mtamba bandani yeye akiwa shambani? Na kama ni mtamba, wa maziwa, anayekaribia kuzaa, anauzwaje sasa hivi? Niambieni bei ya kweli. Ya huyu sitaipunguza.