Taulo la Wageni

Kwa miaka kumi na mmoja Phelista alipika chakula ambacho hakuna binadamu aliyekionja. Alichemsha mifupa ya ng'ombe katika jiko la shule, akachuja mchuzi, akatia sukari kidogo na agari, ule unga wa mwani ambao ukichemshwa na kupoa huganda kama supu ya kwato iliyolala. Akapika tena kwenye sufuria ya presha, kisha akamimina kwenye visahani vya kioo karibu na moto wa spiriti, pumzi kaibana, asije akakaribisha uchafu wa hewani kabla ya wakati. Wageni wake walikuwa bakteria.

"Mama Viola, hao wageni wako hata asante hawajui," wapishi walimcheka.

"Afadhali hao. Hawanisengenyi," aliwajibu.

Shule ilikuwa ya wasichana, nje kidogo ya Kitale. Kwao Phelista ni Kamukuywa, na kazi ya maabara alifunzwa Bungoma na fundi wa maabara mmoja mzee, Mukhwana, mkali kama pilipili. Siku Phelista alipoandika jina la jaribio juu ya kifuniko, mzee huyo alimgonga vidole kwa rula.

"Andika chini ya kisahani! Kifuniko kinahama. Ukiandika juu, siku moja utadanganya watu na hata wewe mwenyewe hutajua."

Tangu hapo aliandika chini.

Alichokitaka duniani ni barua moja: barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Miaka yote hiyo bodi ya shule ilimwandika kwa miezi mitatu mitatu, kama mtu aliyeazimwa, na kila muhula ukiisha alifunga virago asijue kama atarudi. Nani asingechoka?

Basi mwaka 2005 bweni zima likaharisha. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kimaiyo, akasema wasichana waonyeshwe faida ya kunawa mikono, na yeye mwenyewe atatoa vidole vyake vifanyiwe jaribio. Mwalimu mkuu, Madam Jepkosgei, akamvuta Phelista kando.

"Hii ikienda vizuri Jumatatu mbele ya bodi, mimi mwenyewe nitaleta hiyo maneno ya barua. Usituangushe, tafadhali."

Alhamisi Mzee akabonyeza vidole vitatu kwenye kisahani cha kwanza. Kisha akanawishwa kama mgeni anavyonawishwa: karai likaletwa, birika la maji ya moto, sabuni, na taulo jeupe la wageni likapita mkono kwa mkono, kuanzia kwa Madam na walimu hadi kwake. Akabonyeza kisahani cha pili. Phelista akavifunga kwa utepe, akaandika chini yake KABLA na BAADA, akaviweka kwenye sanduku lake la mbao lenye balbu ya kuvitia joto.

Jumatatu asubuhi akafungua sanduku. KABLA kilikuwa na vidoa saba vya bakteria. BAADA kilijaa hata pa kuchomeka sindano hapakuwepo.

Alielewa papo hapo. Si sabuni, ni taulo. Lilipangusa mikono yote, likaanikwa bichi nyuma ya mlango wa jikoni, na kesho yake likafanya kazi ileile. Na katika ukumbi wa chakula wa wasichana lilining'inia jingine kama hilo. Alikuwa ameshika mkononi kile kilichowafanya watoto wa watu waugue, akafurahi kama fundi anavyofurahi. Furaha hiyo ilikatika aliposikia gari la Mzee likiingia getini.

Atamwambiaje, mbele ya bodi, kwamba mikono yake ilikuwa safi zaidi kabla ya kunawa? Mkono huohuo ndio utakaotia sahihi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama. Alilowesha pamba kwa spiriti, akafuta maandishi chini ya visahani vyote viwili, akaandika upya, kinyume. Alijichukia, na bado akaandika.

Mbele ya bodi Mzee Kimaiyo aliinua visahani juu. "Mmeona? Si nilisema? Sabuni ni dawa!" Makofi yakapigwa. Kisha akamgeukia Phelista kwa upole. "Na hii kitu, mama, ni ngumu kutengeneza?"

Phelista alilelewa asijisifu mbele ya wakubwa. "Hapana, Mzee. Ni kupika tu."

"Ala! Kama ni kupika tu, si tuko na wapishi?"

Watu wakacheka, lakini Mzee hakuwa anatania. Bodi ilikubaliana kabla ya chai: Phelista aongezewe miezi mitatu, ya mwisho, awafunze wapishi wawili kazi hiyo. Madam Jepkosgei aliandika kila neno kwenye daftari lake, na hakuinua macho.

Chakula kikaletwa. Karai likazunguka, birika likafuata, na nyuma yake taulo jeupe. Mzee Kimaiyo alijipangusa, akalinyoosha kwa Phelista huku akitabasamu. Lilikuwa na ubichi wa mikono saba. Angeweza kusema hata wakati huo.

Alipangusa mikono yake, kidole kwa kidole, akampa taulo aliyekaa kando yake.