Tekila Tamu ya Agnesi na Ulimi Wangu Niliousafirisha

Niliondoka Korogwe kwa sababu ya ulimi wangu. Sikwenda kutibiwa. Binti yangu Agnesi, anayeishi Birmingham kule Uingereza, alipiga simu akasema kuna kinywaji ametengeneza, na kabla hakijafika kwa mtu wa kukiamua anataka mimi nikionje. Nyie mnanijua. Nimepika dengelua, pombe yetu ya miwa, kwa harusi nyingi za hapa, na wapo wanaosema nina ulimi. Wapo pia wanaosema sina, na hao nao wana haki yao, maana ile ya harusi ya mtoto wa kaka yangu ilichacha na watu wakanywa soda. Mimi mwenyewe sina hakika. Niliishia darasa la saba, naandika ninavyosema, na humu nitajitahidi kuweka kilichotokea tu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Agnesi kwa miaka yote aliyokaa kule alikuwa akiosha chupa na kubandika lebo katika karakana moja ndogo ya vinywaji. Bosi wake, Mwingereza, akamruhusu ajaribu kinywaji chake mwenyewe. Sasa mzee mmoja mwenye mkahawa alikubali kukionja Jumamosi. Akikichukua, Agnesi anapanda, anakuwa mchanganyaji. Akikikataa, bosi alishasema wazi kwamba pipa alilompa litatumika kwa mambo mengine na Agnesi atarudi kwenye kuosha chupa. Nilimuuliza kwenye simu, je, bosi ni mkali? Akasema hapana mama, ni mtu wa haki, ila hana mapipa ya kuchezea. Nikaona ni jibu zuri.

Dar es Salaam nilipanda ndege, tukabadilisha Doha, na ya pili ikatushusha Birmingham penyewe asubuhi ya mvua nyembamba. Afisa wa uhamiaji aliniuliza kwa upole nimekuja kufanya nini. Nikasema kumwona binti yangu, jambo ambalo ni kweli ingawa si lote. Agnesi alikuwa nje ya mlango na koti la ziada mkononi. Amenenepa kidogo. Nilimwambia hivyo, akasema, "Asante mama, hapa ukimwambia mtu hivyo anakununia."

Sparkhill ndiko anakoishi. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama mabehewa, zote za matofali mekundu, na barabara kubwa ya Stratford ina mabasi yanayofuatana mpaka unajiuliza nani amebaki nyumbani. Jioni ile ile alinipeleka kwenye duka la Mama Hodan, Msomali aliyekulia Garissa, anayemuuzia ukwaju wa kutia kwenye kinywaji chake.

"Kumbe huyu ndiye mamake," akasema Mama Hodan, akanishika mikono yote miwili. "Msichana wako ananimalizia ukwaju kila wiki."

Nilishtuka kidogo, kwa kuwa mama huyu ni Mwislamu mwenye kujistiri, na ukwaju ule unaingia kwenye kileo. Sikutaka mwanangu awe anamficha mtu. Nikamuuliza Agnesi pale pale kama ameshamwambia. Mama Hodan akadakia yeye. Alisema aliambiwa siku ya kwanza kabisa. "Mimi nauza ukwaju. Ukishatoka hapo mlangoni, hiyo ni stori yenu na Mungu. Lakini mwambie aolewe, ukwaju hauzai watoto." Agnesi akalipa akiwa ameinamisha kichwa kwa kicheko. Mimi nilitoka pale roho imetulia.

Kesho yake tulikwenda karakana. Iko chini ya tao la matofali, na juu yake inapita reli, kwa hiyo kila treni ikipita glasi zinalia. Ukutani kuna picha kubwa ya shamba, na mimi nilisimama mbele yake kama niliyeitwa jina. Majani marefu ya kijivu, miba kwenye ncha, yamesimama kwa mistari.

"Huu si mkonge?" nikauliza.

"Ndugu yake, mama. Wa Meksiko. Wenyewe wanauita agave."

Akanieleza taratibu, na ninayaandika kama nilivyoyashika, kama nimekosea kosa ni langu. Sisi mkonge tunachukua majani, tunatoa nyuzi, basi. Wale majani wanayakata wakayaacha, wanachukua kile kitumba cha katikati kinachofanana na nanasi kubwa. Wanakipika mpaka kinakuwa kitamu, wanakikamua, maji yake yanachachushwa kisha yanakenekwa, yaani yanachemshwa mvuke wake ukakingwa, na hapo ndipo inatoka tekila. Ile tekila inakuja Birmingham tayari. Kazi ya Agnesi inaanzia hapo: anaitia shira ya agave hiyo hiyo, ukwaju, na ganda la chungwa kidogo, inakaa, inachujwa, inakuwa tekila tamu ya kunywa baada ya chakula. Alisema sukari si ya kuficha ukali, ni ya kuubeba. Neno hilo sikulielewa siku ile.

Nilimkumbuka baba yake. Mikono yake mpaka leo ina alama za miba ya mkonge, na katika miaka yote aliyokata majani hatukuwahi kuwaza kwamba mmea huu una ndugu mwenye moyo mtamu namna hiyo. Nilimuuliza Agnesi kama wa kwetu nao ungeweza. Akasema hajui, na hataki kunidanganya.

Basi akanimiminia. Glasi ilikuwa ndogo kama ya dawa, nami nikaipiga kama ninavyoipiga dengelua, funda moja.

"Taratibu mama. Hiyo si pombe ya kunywa kwa kata."

Lakini nilishamaliza, na niliyoyaonja niliyasema. Harufu nzuri sana, kama jani bichi na udongo baada ya mvua. Ukwaju ulikuwepo. Lakini utamu ulikuwa umewakalia wote, ukabaki kwenye midomo kama dawa ya kikohozi ya watoto. Nikamwambia apunguze. Akasema imepimwa kwa ajili ya barafu, kwamba baridi na maji ya barafu vitaupunguza utamu vyenyewe. Mimi nikasema barafu ni maji tu mwanangu, na kosa haliwi sawa kwa kutiwa maji. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimesafirishwa kwa ndege kwa ajili ya kusema, nikaona nisipokosoa nitakuwa nimekula nauli bure.

Agnesi hakubishana. Alichukua chupa nyingine, akachanganya upya mbele yangu kwa shira kidogo zaidi, mpaka nikasema hapo. Akaziweka mbili mezani.

"Hii ni yako, mama. Ile inabaki yangu. Jumamosi nitazipeleka zote."

Nikasema moyoni, ukaidi huu ni wa ukoo wa baba yake.

Jumamosi mchana tulikwenda Great Barr kwa mabasi mawili, yeye amepakata mfuko wa chupa kama mtoto mchanga. Mzee Jaswant, mwenye mkahawa, ni Kalasinga wa Nakuru mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alipojua natoka Tanzania aliachana na Kiingereza papo hapo. Alituandalia sambusa za pilipili na kuku wa kuchoma, akanieleza shida yake. Wateja wake wanakula vyakula vya moto, wakimaliza wanataka kitu cha kupoza kinywa. Tayari alishakataa vinywaji viwili vya watu wengine, kimoja kikali mno, kingine alisema kilikuwa kama peremende iliyoyeyuka. Hapo nilimtazama Agnesi kwa maana. Yeye alikuwa anapanga glasi.

"Lakini leo mama yuko," mzee akasema. "Mimi nitafuata mama. Ile mama anasema mzuri, hiyo nachukua."

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho.

Agnesi alitia barafu katika glasi, akamimina ya kwake, akaiacha kidogo huku tunakula. Kisha, kabla hajamkaribisha mzee, akainua yeye kwanza akaonja. Hiyo ni desturi yetu, mnaijua: aliyepika ndiye anayetangulia kuonja mbele ya mgeni, na akishaonja amekiwekea dhamana. Sikujua kama bado anaikumbuka. Kifua changu kilijaa.

Kisha akaijaza glasi ya pili kwa ile nyingine, na barafu yake, na baada ya muda ule ule akaisukuma upande wangu.

"Hii ameipika mama. Aonje yeye kwanza."

Nilionja, safari hii taratibu. Na nitasema haki yote. Ile niliyoipenda karakana haikuwepo. Barafu ilikuwa imeifanya nyembamba, ukwaju ukabana ulimi peke yake, ukali ukashuka kooni bila wa kuubeba. Baada ya ile pilipili ya sambusa ilikuwa kama kugombana ndani ya mdomo. Nikachukua ya Agnesi, nikaonja nayo. Utamu ulikuwa umerudi nyuma mahali pake. Mbele kulikuwa na lile jani bichi, katikati ukwaju, na kinywa kikapoa. Ndipo nikaelewa maana ya kubeba.

Mzee alikuwa ananitazama. Agnesi hakunitazama, alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi. Niliwaza, na siwafichi, kwamba ninaweza kusema zote ni nzuri na nikabaki na heshima yangu ya nauli.

"Mzee," nikasema, "hii niliyopika mimi usiinywe. Haifai. Nilimwambia apunguze sukari, nilikosea. Ya mwanangu ndiyo yenyewe."

 Mzee akazivuta glasi zote mbili akazionja. "Mama nimesikia," akasema, "lakini mtu ya biashara haiwezi kusikia mama peke yake." Alikula kipande cha kuku, akaonja ya Agnesi, akala tena, akaonja tena, kwa uvivu kama asiye na mgeni. Mwisho akasema anaichukua, ianze kwenye meza zake wiki ijayo, na bosi apigiwe simu.

Mnadhani Agnesi alishukuru tu? Alitoa sharti. Kwamba iwe inatolewa kwenye glasi ndogo, na barafu, baada ya chakula, na asipewe mtu yeyote ikiwa vuguvugu. Mzee akamtazama huyu msichana mwosha chupa, akakubali. Ndipo Agnesi akaomba udhuru akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama penye magari, mgongo umetugeukia, anajifuta macho. Sikumfuata. Nilimwambia mzee aniongezee sambusa.

Kwenye basi la kurudi Sparkhill alinisema. "Mama, ungelinyamazia kosa lako ungeshinda."

"Ningemshinda nani?" nikamuuliza. Akaegemea bega langu mpaka kituo chetu.

Nimerudi Korogwe. Nilichojifunza ni kidogo, na huenda wengine mlikuwa mnakijua. Kinywaji cha kulainishwa kwa shira si cha funda. Ni cha kumumunya, kikiwa baridi, tumbo likiwa limeshiba, na ukikihukumu kabla ya barafu umemhukumu mtu kabla hajavaa nguo. Haki ni haki lakini: kikiwa vuguvugu bado nasema ni kitamu mno, na Agnesi anajua hivyo. Nilimkosoa, akanisikiliza mpaka mwisho, akabaki na yake. Sijawahi kushindwa nikatembea kifua mbele namna ile.